Mzee anasema acha kutafuta, kijana anasema tafuta zaidi: Ayubu 28 inasemaje?

Mshauri, amani kwako.

Ninaongoza darasa la Biblia la watu wazima hapa Kahama. Tuko 14, tunakutana Alhamisi jioni kwa dakika 90. Karibu nusu ya wanaume ni wachimbaji wadogo. Mwezi ujao ratiba inatutaka tusome vitabu vya hekima, yaani Ayubu, Mithali na Mhubiri, kwa vipindi vinne tu.

Tatizo limeanza kabla hatujavifikia. Mama mmoja wa darasani alifiwa na mtoto mwaka huu, akauliza swali moja: kwa nini? Mzee wa kanisa akamjibu kwa Kumbukumbu la Torati 29:29, kwamba mambo ya siri ni ya Bwana, na kuendelea kuuliza ni upungufu wa imani. Kijana mmoja akasimama na Mithali 8:17, kwamba wamtafutao Hekima kwa bidii watamwona, hivyo asiyepata jibu hajatafuta vya kutosha. Tangu siku ile mama anakuja, anakaa, hafungui kinywa.

Nimeisoma Ayubu 28 mara kadhaa. Nikiwa kwenye mistari ya mwanzo naona kijana ana haki. Nikifika mstari wa 28 naona mzee ana haki. Mhubiri ndiye ananichanganya kabisa, na mwalimu mwenzangu ananishauri nimruke.

Naomba unisaidie mambo mawili. Maandiko ya Kiebrania yanakataza kutafuta au hayakatazi? Na nifundisheje kwa vipindi vinne bila kumtonesha yule mama?

Mwalimu wa darasa, Kahama

*

Mwalimu, amani kwako pia, na pole zetu zimfikie mama huyo.

Hayakatazi. Vitabu hivi vinamwekea mpaka mtu anayesema amemaliza kutafuta. Anayetafuta vinamwacha aendelee, na mahali pengine vinamwamuru. Mzee wako na kijana wako wanaonekana kupingana, lakini wamefanya jambo lilelile: kila mmoja ameshika mstari mmoja akaufunga mlango. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Tuanze na neno. Kiebrania kina kitenzi hakar, h yake ikiwa ya kooni, maana yake kuchunguza jambo mpaka chini kabisa. Katika Ayubu 28:3 ni kazi ya mchimbaji anayechunguza mwamba gizani hadi ukomo wake. Katika Kumbukumbu la Torati 13:14 ni amri: Waisraeli wakisikia uvumi kwamba mji fulani umegeukia miungu mingine, hawana ruhusa ya kuhukumu kabla ya kuuliza, kuchunguza na kuhoji vizuri. Katika Mithali 25:2 utukufu wa Mungu ni kuficha jambo, na utukufu wa wafalme ni kulichunguza. Katika Ayubu 29:16, Ayubu anataja miongoni mwa matendo yake mema kwamba alichunguza hata daawa ya mtu asiyemjua. Zaburi 139 inaanza na kitenzi hichohicho, safari hii Mungu akiwa amemchunguza mtu, na kwenye mstari wa 23 mtu anaomba achunguzwe tena.

Kisha rudi Ayubu 28, mstari wa 27. Mungu aliiona hekima, akaihesabu, akaithibitisha, akaichunguza. Kitenzi ni hakar. Kazi ya mchimbaji mwanzoni mwa shairi na kazi ya Muumba karibu na mwisho wake zimepewa neno moja. Mshairi aliyetaka kudharau utafutaji wa binadamu asingelitumia hilo neno mara zote mbili.

Sasa tazama nani anakosea nalo. Elifazi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, baada ya kumfundisha sura mbili nzima, anafunga hivi katika 5:27: haya tumeyachunguza, ndivyo yalivyo. Ni hakar tena, lakini wakati umebadilika. Kwake uchunguzi umekwisha, kilichobaki ni Ayubu kukubali. Naye Sofari, rafiki mwingine, katika 11:7 anauliza kama Ayubu anaweza kuufikia undani wa Mungu kwa kuchunguza. Swali ni zuri. Ila msomeni mstari unaotangulia: katika 11:6 Sofari huyohuyo anajua kwamba Mungu amemdai Ayubu pungufu ya anavyostahili. Undani wa Mungu haufikiki kwa Ayubu, lakini Sofari anajua deni la Ayubu limepunguzwa! Ndivyo mpaka wa hekima unavyogeuzwa fimbo: mtu anautangaza kwa mwenzake huku mwenyewe akiuvuka. Na mwishoni, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu, yaani yule aliyeuliza sura baada ya sura.

Hapo una msingi wa vipindi vyote vinne. Nakushauri vipindi viwili viende kwa Ayubu, kimoja kwa Mhubiri, na cha mwisho kwa Mithali pamoja na Kumbukumbu la Torati. Ukigawa sawasawa, Ayubu atabanwa, naye ndiye anayehitaji nafasi.

Kipindi cha kwanza kiwe Ayubu 28:1-19 peke yake. Chapa sura nzima kwenye karatasi moja, nakala 14, na uondoe vichwa vidogo vilivyowekwa na wachapaji, kwa sababu kichwa kama "Sifa za hekima" humpa msomaji jibu kabla hajasoma. Mistari ya 20 hadi 28 ikunjwe kwa nyuma. Usiogope kufanya hivyo. Kosa kubwa kuliko yote katika sura hii ni kurukia mstari wa 28, na watu huurukia kwa sababu ndio walioukariri.

Mistari ya 1 hadi 11 wasomewe na wachimbaji wako, nao ndio waieleze. Wataielewa kuliko wafafanuzi wengi. Shaba iliyeyushwa kwenye jiwe, mtu anayeweka mwisho wa giza, watu wanaoning'inia na kubembea mbali na makazi ya wenzao: Kiebrania cha mstari wa 4 ni kigumu na tafsiri zinatofautiana, lakini aliyewahi kushushwa duarani, yaani shimo la mgodi, kwa kamba anajua kinachosemwa. Mstari wa 5 unasema juu ya ardhi kunatoka chakula, na chini yake kunapinduliwa kama kwa moto. Waulize nani kati yao analima na kuchimba eneo moja. Mstari wa 9 ni gumegume na milima inayong'olewa shinani, wa 10 na wa 11 ni mifereji inayokatwa mwambani na maji yanayozuiwa yasivuje. Maji kuingia shimoni ni adui wao hata leo.

Waambie pia kwamba mgodi wa namna hii si wa kufikirika. Huko Timna, kaskazini mwa Eilat, na Faynan katika Jordan ya leo, shaba ilichimbwa kwa karne nyingi za nyakati za Biblia na kabla yake, na mashimo yake membamba yaliyochongwa vishikizo vya miguu bado yanaonekana. Mshairi anaistaajabia kazi hiyo. Ndege mwenye jicho kali haijui njia ya mgodini (mstari wa 7), simba hajaikanyaga (wa 8), mtu ameifika. Acha darasa likae na sifa hiyo kwa dakika chache bila kuongeza "lakini".

"Lakini" inakuja yenyewe kwenye mstari wa 12, na ukionyesha maneno itauma zaidi. Mstari wa 1 umesema fedha ina chimbuko na dhahabu ina mahali. Neno la "mahali" ni makom. Mstari wa 12 unauliza: hekima itapatikana wapi, na makom ya ufahamu ni wapi? Kila kitu kina mahali pake kwenye ramani ya mchimbaji, isipokuwa hiki kimoja. Vilindi vinasema hakimo ndani yangu, bahari inasema hakiko kwangu.

Halafu mistari ya 15 hadi 19 inaingia sokoni. Hapa tafsiri inapoteza kitu. Kiebrania kinatumia maneno manne tofauti kwa dhahabu, na tafsiri huyarudisha yote kwenye "dhahabu" na "dhahabu safi". Ni kama mnunuzi anayeweka mezani kila daraja la dhahabu alilonalo, kisha fedha, kisha vito, mpaka kito cha Kushi, nchi iliyokuwa kusini mwa Misri. Kioo kimo pia, kwa sababu zamani kioo kilikuwa mali ya thamani, na mstari wa 17 ndio mahali pekee neno hilo linapoonekana katika Biblia ya Kiebrania. Bei haifiki. Funga kipindi hapo, kwenye mstari wa 19, bila jibu. Watakulalamikia. Waache walalamike wiki nzima.

Kipindi cha pili wafungue karatasi. Mstari wa 20 unafanana na wa 12, lakini mwulize darasa wameona tofauti gani. Wa 12 unasema hekima itapatikana wapi. Wa 20 unasema hekima inakuja kutoka wapi. Kutoka kupata mpaka kuja: swali limebadilika katikati ya shairi, na wengi hupita bila kugonga. Tofauti ya pili: mstari wa 11 ulisema mchimbaji hukitoa kilichofichika kwenye nuru, na wa 21 unasema hekima imefichika machoni pa wote walio hai. Shina la neno ni moja. Ndiyo, mtu anafichua yaliyofichika. Hili halifichui. Hata Uharibifu na Mauti, katika mstari wa 22, wamesikia uvumi tu. Mstari huo usomwe taratibu, maana mle darasani kuna mtu ambaye mauti yamepita nyumbani kwake. Mauti hayana jibu la "kwa nini" ambalo sisi tumenyimwa.

Kisha mstari wa 28: kumcha Bwana ndiyo hekima, na kujitenga na uovu ndio ufahamu. Kabla hujausema chochote, wafungue Ayubu 1:1. Ayubu alikuwa mtu mcha Mungu na mwenye kujitenga na uovu. Sentensi hiyo imerudiwa na Mungu mwenyewe katika 1:8 na 2:3. Maana yake Ayubu alikuwa nayo hekima ya mstari wa 28 tangu mstari wa kwanza wa kitabu, kabla hajapoteza mtoto hata mmoja. Basi mstari huu hauwezi kuwa dawa ya ujinga wake, wala sababu ya msiba wake. Hapo ndipo wengi huteleza, kama mzee wako alivyoteleza na mstari wake: wanautumia kama jibu la swali la "kwa nini", na wenyewe unajibu swali la "niishije". Dalili nyingine ndogo iko kwenye sarufi. Katika mistari ya 12 na 20 neno hekima lina kiambishi cha kubainisha, "ile hekima", na katika wa 28 halina. Wafafanuzi wengi wanasoma hivi: ile hekima yenyewe inabaki kwa Mungu, na hii ya kumcha ni hekima aliyopewa mwanadamu aishi nayo. Mimi nauona usomaji huo una nguvu, ingawa kiambishi kimoja katika ushairi wa Kiebrania si msumari wa kutundikia fundisho zima.

Ukiulizwa nani anasema sura hii, jibu kwa ufupi. Kwa mpangilio wa kitabu ni Ayubu, kwa kuwa 27:1 na 29:1 zinamtaja yeye na katikati hakuna msemaji mwingine aliyetangazwa. Wasomi wengi wanaona sauti yake ni tulivu mno kuwa ya Ayubu wa sura ya 27 na wanaiita mapumziko kati ya mabishano na utetezi wake wa mwisho. Usitumie zaidi ya dakika tano hapo. Cha kuonyesha ni kwamba baada ya sura ya 28 kitabu kina sura nyingine 14. Ayubu hakunyamaza.

Mhubiri usimruke. Ukimruka, yule mama atabaki na Mithali mikononi mwa kijana.

Kipindi chake kisianze na 1:2 bali 1:13, ambapo anasema alitia moyo wake kutafuta na kupeleleza kwa hekima. Kitenzi cha pili, tur, ndicho kilichotumika katika Hesabu 13 kwa watu 12 waliotumwa kupeleleza Kanaani. Yeye ni mpelelezi aliyetumwa na moyo wake, na kitabu ni taarifa aliyorudi nayo. Kisha wape kazi ya kuhesabu. Kitenzi matsa, kupata, kinatokea mara 8 katika 7:24-29 na mara 3 katika 8:17 peke yake. Tafsiri zetu hukigawa, mara kuona, mara kuvumbua, mara kupata, hivyo waandikie mistari hiyo ubaoni ukiweka "kupata" kila mahali. Wakisoma kwa sauti wataisikia nyundo: nimepata, sijapata, kilicho mbali na chenye kina, kina mno, nani atakipata? Mstari wa 8:17 unamaliza kwa kusema hata mwenye hekima akidai anajua, hawezi kupata. Mwangalie huyo wa mwisho. Kosa lake liko kwenye kudai.

Neno "ubatili" litakusumbua. Kiebrania ni hevel, mvuke au pumzi, na linatokea mara 38 katika kitabu hiki. "Ubatili" humfanya msomaji asikie kitu kisichofaa, cha kutupwa. Mvuke unauona, upo, hata unapendeza asubuhi ya baridi, ila haushikiki na haukai. Waambie wasome 1:14 wakiweka "mvuke", na badala ya "kujilisha upepo" wajaribu "kuchunga upepo", maana neno lake laweza kusomwa hivyo, kama mtu achungavyo mbuzi. Kitabu kitabadilika masikioni mwao. Halafu 3:11, ambapo Mungu ameiweka ile milele ndani ya mioyo ya watu, lakini hawawezi kuivumbua kazi yake tangu mwanzo hata mwisho. Kiu na ukomo wa kiu vimetoka mkono mmoja. Huu ndio mstari ambao ningemwekea alama mama huyo katika Biblia yake, kwa sababu unamwambia kuuliza kwake hakukutoka kwenye imani pungufu. Kumewekwa humo.

Angalizo moja: watataka kukimbilia 12:13, uche Mungu uzishike amri zake, kama walivyokimbilia Ayubu 28:28. Waonyeshe kwamba kuanzia 12:9 Mhubiri anazungumziwa kwa nafsi ya tatu, kuna mkono mwingine unaomtambulisha na kumfunga. Mkono huo haukufuta sura 11 zilizotangulia. Ulizihifadhi.

Kipindi cha nne ndipo mje kwa kijana na mzee. Mithali 8:17 ni kweli, na katika kitabu hichohicho, 1:28, Hekima huyohuyo anasema watakuja kumtafuta kwa bidii wasimwone. Asiyeisoma ya pili asiitumie ya kwanza kumpima mwenzake. Tena 2:4 inasema uitafute hekima kama fedha, kama hazina iliyofichwa, mgodi uleule wa Ayubu 28, na 2:6 inamalizia kwa kusema Bwana ndiye huwapa watu hekima. Anayechimba anapewa, na aliyepewa hawezi kumwambia mwingine "hukuchimba".

Kumbukumbu la Torati 29:29 mzee aliisoma nusu. Nusu ya pili inasema yaliyofunuliwa ni yetu na watoto wetu, ili tuyafanye. Mistari michache mbele, 30:11-14, amri haiko mbinguni wala ng'ambo ya bahari, iko kinywani na moyoni. Mstari huu unagawa kazi: ya siri ni ya Mungu kuyajua, ya wazi ni yetu kuyafanya. Mtu akiutumia kumnyamazisha mfiwa, anajishughulisha na fungu la Mungu na kuliacha lake. Fungu lake siku ile lilikuwa dogo na la wazi. Lipo Ayubu 2:13: rafiki wale watatu walikaa chini na Ayubu siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa sana.

Kwa hiyo kabla ya Alhamisi ya kwanza, mwone mzee kwake, peke yenu, kwa heshima yake. Usimpelekee hoja. Mfungulie Ayubu 11:6-7, kisha 2:11-13, umwombe yeye ndiye asome hiyo ya pili mbele ya darasa siku ya kufungua. Akimaliza kusoma, kaeni kimya dakika moja nzima kwa saa. Mama akitaka kusema, aseme. Asipotaka, asibembelezwe, gawa karatasi, umpe mchimbaji wa kwanza mstari wa 1.